Katoni za Mlango wa Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Saa kumi na moja alfajiri. Simu juu ya kizingiti cha dirisha, mahali pekee mtandao unapofika. Blogu kumi na moja za wakutubi, makala mapya manne. Mawili ya tableti mashuleni, moja la kuorodhesha, moja la yule bibi wa Kanada. Nimeanza na lake, kama kawaida. Nimenakili mistari tisa kabla mtandao haujakatika.

Anaandika kuhusu kupalilia. Maktaba ni kama shamba, anasema: kitabu kisichosomwa kinakula nafasi ya kinachosomwa. Masharti yake ni mawili. Ondoa kisichoazimwa kwa miaka kumi. Ondoa kilichochorwa au kuandikwa-andikwa ndani.

Ni kama aliniandikia mimi. Mkurugenzi wa chuo chetu hapa Kindu anataka rafu ya nyuma iwe tupu kabla ya Aprili. Wafadhili wanatuletea tableti kumi na mbili na kabati la kuzichaji. Hakusema vitabu viende wapi. Nilipouliza, alijibu simu.

Nitapalilia mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Nimemaliza katika siku moja. Mgongo unauma.

Daftari la kuazima linaonyesha kwamba vitabu vingi vya rafu ya nyuma vilitoka mara ya mwisho kabla ya vita. Yaani kabla sijazaliwa. Na vimeandikwa ndani: majina ya watu, kwa penseli, upande wa ndani wa jalada la nyuma. Jina na mtaa. Wasomaji wa zamani hawakuwa na adabu. Kila chenye jina nimekitia katika katoni. Katoni sita, vitabu mia mbili na kumi na nane. Nimezipanga karibu na mlango wa nyuma.

Orodha haina saini ya mkurugenzi. Saini huchukua miezi.

Mzee Amisi alinisaidia kubeba. Ni mlinzi, mfagizi na mfungaji wa vitabu vilivyochanika. Yuko hapa tangu zamani za vita na kabla yake. Siku nzima alinitazama bila neno. Mwishoni alifungua kitabu kimoja, akaangalia jalada la nyuma, akauliza, "Njo hizi zote?"

Nikasema ndizo.

Akaweka mkono kifuani. "Asante, mutoto wangu."

Asante ya nini? Sikupenda.

Alhamisi, 6 Machi

Katoni ya kwanza ilikuwa na vitabu thelathini na saba. Leo thelathini na tatu.

Nimehesabu mara tatu. Nimefunga mlango, nimehesabu tena. Thelathini na tatu.

Funguo za mlango wa nyuma ni mbili. Moja ninayo mimi, nyingine anayo Mzee Amisi.

Jumamosi, 8 Machi

Ishirini na tisa.

Mzee Amisi hapotezi muda. Anatoka saa tisa, mapema kwa sababu ya Ramadhani, na kikapu cha majani ya muhogo mkononi. Majani ya kufuturu, anasema. Kikapu kinamvuta bega upande mmoja. Majani hayana uzito huo.

Anafunga na anaiba. Naandika hivi na sioni aibu.

Sijamuuliza. Nikimuuliza atajua kwamba ninajua. Bibi wa Kanada aliwahi kuandika: kusanya ushahidi kwanza, zungumza baadaye.

Jumanne, 11 Machi

Kitabu cha zamani kinafaa kwa kitu kimoja tu katika mji huu: kufungia karanga. Kwa hiyo leo nimezunguka soko la Kasuku na kununua karanga kwa wauzaji watano, nikaondoa karanga na kuchunguza karatasi. Mitihani ya hesabu. Matangazo ya parokia. Barua ya mtu akiomba kazi. Kwa muuzaji wa tano, ukurasa wa jiografia wenye ramani ya mito.

Hauna mhuri wetu. Lakini mhuri uko ukurasa wa kwanza na wa mwisho tu. Nimeuhifadhi ndani ya shajara hii.

Nyumbani shangazi alikuta karanga zimejaa sahani tatu. Yeye anauza samaki wa chumvi sokoni, na habari zangu zilikuwa zimemfikia kabla yangu. "Feza, wanasema sokoni mutoto wangu ananunua karanga halafu anasoma karatasi. Njo kazi walikufundisha Lubumbashi?" Alicheka peke yake mpaka chakula kilipoiva.

Sikumwambia. Shangazi anajuana na watu wote, na Mzee Amisi ni mmoja wa watu wote.

Alhamisi, 13 Machi

Katoni ya kwanza inakaribia kwisha. Vimebaki vitabu tisa.

Redio ndogo ya Mzee haizimwi. Vita vya Kivu, miji iliyotekwa, watu wanaokuja huku kwa miguu na pikipiki. Mkurugenzi anasema Kindu iko shwari na wanafunzi wasidanganywe. Mzee anasikiliza redio na kunitazama, kana kwamba tuna siri moja. Hatuna.

Alfajiri nimefanya kitu. Chini ya makala ya kupalilia nimeacha maoni marefu, kwa Kifaransa, bila jina langu. Sikutaja Kindu. Nimesema mji kando ya mto mkubwa, katikati ya Afrika. Chuo kidogo. Nimepalilia katoni sita, tunasubiri tableti kumi na mbili, na mfanyakazi mzee anatoa vitabu vinne kila siku chini ya majani ya muhogo. Nimeuliza: ungefanya nini?

Nilipobonyeza kutuma nilihisi mwili umekuwa mwepesi. Mwishowe kuna mtu wa kumwambia. Wenzangu wa kazi wa kweli wamo ndani ya simu hii.

Jumanne, 18 Machi

Amenijibu. Si kwa mistari miwili. Ameandika makala nzima. Mimi ndiye mfano wake wa wiki. Anasema mwenye takwimu hahitaji kuomba radhi. Anasema katika maktaba nyingi mwizi ni yule anayependwa na wote.

Maoni ni mengi. Badilisha kufuli. Weka kamera. Mpeleke kwa mkuu wako. Mmoja anauliza majani ya muhogo yanapikwaje.

Nimeyasoma yote mara mbili. Nimefurahi. Naandika ukweli: nimefurahi sana.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemfuata.

Alitoka saa tisa, akapita nyuma ya soko, hakupanda pikipiki. Mtu mwenye mzigo mzito, amefunga, jua kali, na hapandi pikipiki: hataki dereva ajue anakokwenda. Nilibaki nyuma hatua hamsini. Tumefika mtaa wa Mikelenge. Akapita mashamba ya mihogo, akaingia uani kwa mama mmoja mnene aliyekuwa anaanika unga. Jirani alikuwa amemsalimia huyo mama kwa sauti: Mama Zaina. Mzee aliingia na kikapu kimeelemea. Alitoka na kikapu kinayumba kwa upepo. Mama Zaina alifunga mlango, saa tisa na nusu ya mchana, unga bado uko juani.

Mnunuzi nimempata.

 

Jumatatu, 24 Machi

Siku mbaya. Niandike kwa mpangilio.

Saa tatu mkurugenzi alimwita Mzee Amisi uwanjani, mbele ya wanafunzi. Wafadhili walikuwa wamemwandikia. Nao wanasoma blogu ya bibi wa Kanada. Mto mkubwa, tableti kumi na mbili, chuo kidogo: wamejitambua. Wanauliza kama wanaleta vifaa mahali ambapo hata vitabu vinaibwa.

Sikulifikiria hilo. Mimi ninayefikiria kila kitu.

Mkurugenzi aliuliza kama ni kweli anatoa vitabu. Mzee alisema ni kweli. Akauliza viko wapi. Mzee alisema viko salama. Viko wapi? Mzee alitikisa kichwa. Mkurugenzi akapaza sauti, akamwita mwizi kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili ili wafagizi nao waelewe. Mzee aliangalia chini. Kisha aliinua macho na kunitazama mimi. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayemwambia mwenzake atulie.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kalamu mkononi. Nikatulia.

Amenyang'anywa ufunguo. Asipotaja vitabu viliko kufikia Ijumaa, mkurugenzi atapeleka malalamiko polisi. Kuhusu aliyeandikia watu wa nje, anamshuku karani wake. Karani alilia saa nzima.

Nilipata nilichotaka. Kwa nini sijala?

Jumanne, 25 Machi

Katoni nne na nusu zimebaki. Leo nimefungua majalada moja baada ya jingine, nikitafuta chochote. Katika kitabu cha ufugaji wa kuku, kwa penseli: Zaina, Mikelenge.

Nikawaza: wanunuzi wanaandikiwa vitabu vyao mapema! Lakini penseli ilikuwa imefifia, na karatasi ilikuwa imeota madoa juu ya herufi. Maandishi ya miaka mingi. Nimenakili majina ishirini kwenye daftari la kazi na kumpelekea shangazi.

Alinawa mikono kwanza. Akasoma, mdomo ukichezacheza. Kwenye jina la saba akaketi.

"Umetoa wapi hii?"

Nikamweleza. Vitabu vibovu, vilivyochorwa, vya kutupa.

"Vibovu," alisema. "Wewe na masomo yako."

Kisha akasimulia, na hakucheka hata mara moja. Wakati wa vita askari walikuwa wanalala maktabani na kutumia vitabu kama kuni za kupikia. Vilivyobaki watu walivibeba nyumbani, kila nyumba vichache, chini ya vitanda, ndani ya mitungi, juu darini. Aliyechukua aliandika jina nyuma kwa penseli, ili siku ya kurudisha ijulikane nani alitunza nini. Mama Zaina alifunga vyake mgongoni pamoja na mtoto akakimbilia njia ya Pangi, akarudi navyo. Mbebaji alikuwa mmoja, kijana wa kazi, Amisi. Mwenye maktaba wa siku hizo hakuambiwa hata nyumba moja. Hilo lilikuwa sharti.

Nikauliza kwa nini hakuambiwa.

"Walimukamata, wakamupiga siku mbili waambiwe vitabu na mafuta ya mission ya mapadri viko wapi. Alisema nini? Hakujua kitu. Njo ilimuponyesha, na njo iliponyesha zile nyumba. Yeye alipanga tu katoni karibu ya mulango, akageuka. Amisi akabeba. Hawakuongea hata siku moja."

Aliporudi jikoni nilibaki nimekaa.

Nilichagua vitabu vyote vyenye majina, hivyo tu. Nikavitia katika katoni. Nikaziweka kwenye mlango wa nyuma, wakati redio inataja miji inayotekwa. Aliniuliza, njo hizi zote? Nikasema ndizo.

Alidhani ninajua. Alidhani ninafanya kama yule wa zamani. Majuma matatu alikuwa ananilinda mimi nisijue nyumba.

Jumatano, 26 Machi

Sikwenda kwa mkurugenzi. Nilifika mara mbili mpaka mlangoni kwake.

Sababu, bila kujipamba. Mimi ni mfanyakazi mpya, sijasajiliwa Kinshasa kwenye mishahara ya serikali. Mkurugenzi ameahidi kupeleka jina langu mwezi huu. Nikisema niliondoa vitabu bila saini na nikawaandikia watu wa nje, jina haliendi. Ninaogopa. Ndiyo hiyo tu.

Mzee hatataja nyumba. Sasa ninajua kwamba hatataja. Atakwenda polisi na mdomo wake umefungwa, na watu hapa wanajua maana ya kuhojiwa. Karani naye anapita akiwa na macho mekundu, hasalimii mtu.

Alfajiri nilimwandikia bibi wa Kanada aondoe makala. Ameuliza kwa upole: kwa nini, kuna habari mpya?

Nimetazama neno hilo, habari, mpaka simu ikajizima.

Alhamisi, 27 Machi

Nimekwenda.

Nilisema nikiwa nimesimama, haraka, nisije nikageuka. Vitabu havikuibwa. Nilivipalilia mimi, viliwekwa mlangoni kama vitu vya kutolewa, na Mzee Amisi alivitoa. Aliyeandika kwenye blogu ni mimi. Karani hahusiki.

Mkurugenzi alivua miwani. "Nani alisaini orodha?"

"Hakuna, Direkta. Nilipalilia peke yangu."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Nikasema nilisoma kwenye blogu namna ya kufanya.

Alirudia neno blogu polepole kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. Kisha akauliza vitabu viko wapi. Nikasema sijui. Nikasema sitauliza.  Nadhani yeye pia alikuwa kijana hapa wakati wa vita, kwa sababu hakuendelea na swali hilo. Alifungua droo, akatoa ufunguo, akausukuma mezani. "Mupelekee mwenyewe. Malalamiko hayatakwenda. Na jina lako, madamozeli, halitakwenda Kinshasa mwaka huu."

Karani alikuwa nje, amesikia. Hakunishukuru. Ana haki.

Jumanne, 1 Aprili

Niliacha Idi ipite kwanza. Leo nimekwenda nyumbani kwa Mzee Amisi. Wajukuu walikuwa bado wamevaa nguo mpya. Alinipa kiti, akakaa kwenye jiwe la kusagia. Nikaweka ufunguo juu ya goti lake na kusema yote, hata blogu, hata kumfuata.

"Ulizania ninauzisha?"

"Ndiyo, Mzee."

"Kwa nani?"

"Kwa wauza karanga."

Alicheka mpaka akakohoa, mkewe akachungulia. Akamweleza, na mkewe naye akacheka, akaenda kumweleza jirani. Nilisikia kicheko kikivuka uzio. Nilikubali. Nilistahili zaidi ya hicho.

Kisha akageuza ufunguo vidoleni.

"Na miye nilizania mutoto huyu iko na akili, ameambiwa na wakubwa. Nikafurahi. Nikasema njo, kazi imepata muntu."

Akautia ufunguo mfukoni.

"Kuitwa mwizi si kitu. Nimeitwa mengi wakati wa vita. Iliniuma ulivyosimama pale mulangoni." Alisema bila kupandisha sauti. "Nilifikiri unanyamaza sababu unajua. Kumbe ulinyamaza sababu hujui."

Nikaomba radhi. Alikubali kwa kichwa, si haraka.

Atarudi. Ametaja sharti moja: nisiulize nyumba, nisimfuate. Nikamwambia ile ya Mikelenge ninaijua tayari. Akasema vile vya pale alikwisha kuvihamisha kesho yake. Alikuwa ameniona tangu sokoni. Alidhani ninamlinda nyuma.

Ijumaa, 4 Aprili

Mzee amerudi. Amefagia, amewasha redio. Wanafunzi wawili walimwita mwizi kwa mzaha; aliwaazima vitabu kama kawaida, akawaambia wakichelewesha atawatuma sokoni kwa wauza karanga. Habari hiyo sasa ni ya mji mzima. Hata mimi nilicheka, kidogo.

Bibi wa Kanada ameondoa makala, halafu ameandika tena. Anahisi kuna kisa kizuri zaidi nyuma ya kile cha kwanza. Wasomaji wake wanasubiri. Angependa nikisimulie kwa jina langu, na anasema kingesaidia wengi.

Pengine kingesaidia. Ni kisa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusoma kwake. Sikumjibu.

Nilichukua wembe, nikakata kutoka daftari la kazi ukurasa wenye majina ishirini, nikauchoma kwenye jiko la shangazi. Shangazi aliona. Alisogeza sufuria tu, moto upate nafasi.

Alhamisi, 10 Aprili

Tableti zimefika kwa pikipiki mbili. Mkurugenzi alipiga picha. Rafu ya nyuma sasa ni kabati lenye nyaya. Wanafunzi walipanga foleni wakaulizana kama zina mpira wa miguu.

Alfajiri nilisoma blogu tatu tu. Moja inaeleza jinsi ya kuwafanya wasomaji waiamini maktaba. Niliisoma mpaka mwisho, sikunakili.

Mchana ulikuwa kimya. Katoni moja imebaki; tangu arudi, Mzee hatumii kikapu tena, anatoa katoni nzima. Nimeketi kwenye meza ya mbele na daftari la vifaa. Mzee Amisi alipita akienda nyuma, akazima redio. Nikanyanyuka, nikageuza kiti kitazame barabara, nikaketi tena.

Pikipiki zilikuwa zinapita. Mwanamke alikuwa anavuka na ndoo, anaongea na mtu nisiyemwona. Nyuma yangu katoni iliburutwa sakafuni, ikatulia, ikaburutwa tena.

Nikaandika namba ya tableti ya kwanza. Kisha ya pili.